Bomba Lisilo na Mwenyekiti

Wepukhulu ni fundi wa mabomba huko Kambi Muru, hapa Kibera. Alilelewa katika Kanisa la Marafiki, wale Wakweka, kule Magharibi mwa Kenya. Huko mkutanoni hawapigi kura. Wanaketi, wanasema, na mmoja akikataa hunyamaza, na wote wananyamaza naye mpaka mioyo ilainike. Desturi hiyo alikuja nayo mjini pamoja na spana zake.

Basi yeye na majirani walipochimba mtaro wakavuta maji wenyewe, akaomba bomba lisiwe na mkubwa. Ufunguo ukawa unazunguka, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Miaka ikapita hivyo. Mimi nimetembea Kibera yote, sijaona hivyo kwingine.

Munyao, kijana mjamaa wa Kawangware, alipenda kuja kubishana naye.

"Mzee, unajua wewe ni anakisti?"

"Hilo ni tusi la Kikamba?"

"Ni mtu hataki mtawala. Hata sisi wajamaa tunasema maji ni ya watu, si ya tajiri. Lakini sisi tunataka wafanyakazi washike serikali."

"Na mkishaishika, nani atawashika nyinyi?"

Munyao akacheka sana. Walipendana hao.

Mwaka jana tukaambiwa na serikali kila bomba liandikishwe ama likatwe, na kikundi hakiandikishwi bila mwenyekiti. Watu wakakutana. Munyao akasimama: "Tumweke Eugene wa duka. Ni jina tu, jameni." Wepukhulu hakutaka hata kidogo. Akanyamaza, kama alivyofunzwa, akingoja na wengine wanyamaze.

"Mzee amenyamaza, amekubali!" mtu akapiga kelele. Wakapiga makofi.

Nyumbani mkewe, Nekoye, akamuuliza, "Baba Valentine, si ungesema?"

"Kwetu huko, kunyamaza vile ni kusema hapana."

"Hapa si kwetu."

Wiki haikuisha, Eugene akabadilisha kufuli. Ufunguo haukuzunguka tena. Munyao alikuja kuomba msamaha, akaahidi chama chake cha wajamaa kitaandamana. Hakijaandamana, na yeye siku hizi haji. Majirani wananung'unika wakiwa kwa laini, wakifika mbele wanamwita Eugene mkubwa.

Juzi bomba lilipasuka. Wepukhulu akaitwa, akapiga magoti kwenye matope, akaziba. Maji yalipotoka akainua mtungi wake akinge.

"Fundi," Eugene akamwambia, bila ubaya, "shika laini kama wengine."

Akashika laini.