Miti Mifupi ya Brashi ya Bi Mwanaidi

Siku ile naikumbuka mpaka harufu ya majani niliyoyakata, mwanangu. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2013, mjini Kibondo, nami ni mtunza bustani kwenye gesti ya Bi Mwanaidi, mama wa Kitanga aliyekuja huku kufanya biashara na akazeekea hapa. Nilikuwa kijana wa Muyama, mtoto wa mkulima wa kahawa, najiona fundi kuliko mafundi wote. Kichwa kilinivimba, sikufichi.

Kando ya njia ya kuingilia palikuwa na miti kumi na miwili ya brashi, ile aina fupi isiyopita kifua cha mtu. Majani yake membamba, na maua mekundu, nyuzi tupu zimezunguka kijiti, utadhani brashi ya kuoshea chupa za watoto. Ndege chozi hawabanduki pale. Bi Mwanaidi aliileta mwenyewe na basi kutoka Tanga, ikiwa kwenye makopo, ili njia ipendeze siku binti yake atakapoolewa.

Basi, akasafiri wiki moja. Nikaitazama ile miti, matawi ya chini yamebaki vijiti vitupu. Nikasema, dawa yake si naijua! Kwetu mkahawa ukichoka unakatwa kisiki, na mvua ikinyesha unachipua kwa fujo. Nikashika panga. Nilikata kumi, jua likanishinda, nikaacha miwili.

Aliporudi alisimama njiani, mkoba bado begani.

"Elia, nani kakwambia hii ni kahawa?"

"Itachipua, Mama."

"Haichipui! Ukiukata chini, kwenye tawi kongwe lisilo na jani, umeuua. Huu unapunguzwa ua likishanyauka, hapo nyuma ya ua tu. Na simu yangu unayo. Mbona hukuniuliza?"

Jamani, niliona aibu! Nikajibu haraka kwamba nitaotesha mbegu, maana vijitumba vigumu vyenye mbegu vilikuwa vimejaa kwenye matawi niliyoyaangusha. Akatikisa kichwa. Mbegu, alisema, hazina uhakika wa kutoa mti mfupi. Zaweza kukupa mti wa kupita bati. Nikamwomba ruhusa nirudi zangu Muyama.

"Huendi popote. Utaondoka hapa njia yangu ikiwa imejaa."

Ile miwili niliyoiacha ndiyo ikawa mama. Nilichukua ncha za matawi, si laini sana wala si kavu, nikaondoa majani ya chini, nikazichomeka kwenye viriba vya udongo wenye mchanga mwingi, kivulini. Za kwanza zilioza zote, nilizizamisha kwa maji kama mchicha. Nikaanza upya, safari hii nikiuliza kila hatua mpaka yule mama akachoka na maswali yangu. Zikashika mizizi. Mvua zilipoanza nikazihamishia njiani, mahali penye jua la kutosha, hatua moja kati ya mche na mche ili zikutane ziwe uzio.

Binti aliolewa mwaka 2015. Miti ilikuwa bado ya magotini, lakini imewaka nyekundu njia nzima! Bi Mwanaidi akanishika mkono mbele ya wakwe waliotoka Tanga, akasema, "Njia hii yote kaiotesha Elia." Kuhusu panga langu hakutamka neno. Nilijivuna, mwanangu, na mpaka leo najivuna bila kuomba radhi. Sasa nilikuwa huru kuondoka, nikajikuta sitaki.

Nawe ujuzi wa kwenu utembee nao kifua mbele, ni mali yako. Ila ukikutana na usichokijua, uliza kabla hujakata. Na ukiharibu, usitoroke. Kaa hapo hapo, anza upya, mpaka aliyekukasirikia aone fahari kukutaja mbele za watu. Mungu akujalie mikono inayootesha, na akupe mtu wa kukukemea bila kukufukuza.