Nimepewa Kiti, Mgonjwa Wangu Kendu Bay Hana wa Kumdunga

Mhariri, jina langu usiliandike, maana wakubwa wangu nao husoma ukurasa huu.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minne, nina watoto watatu, na kazi yangu ni uuguzi. Kwa miaka mingi nilipanda baiskeli nyumba kwa nyumba upande wa Kendu Bay, kuwadunga sindano wagonjwa wa kifua kikuu wasioweza kufika hospitali. Nilinung'unika kila siku kwa jua na matope, lakini kila boma nililijua, na mbwa wake.

Tangu Uhuru tuliambiwa Mwafrika naye ataketi ofisini. Zamu yangu ikafika. Nilihamishiwa Homa Bay niwasimamie wagonjwa wote wa nyumbani hadi kule Migori: napanga nani atembelewe na nani, yupi alazwe, yupi amepona. Nilipewa nyumba ya serikali, watoto wakapata shule nzuri. Wasomaji, nilifurahi mno.

Njia yangu ya Kendu Bay nilimpa mwuguzi kijana, nitamwita Ouma. Alikubali akiinamisha macho, nikadhani ni adabu. Wiki zikapita, kisha akaja na dawa za mgonjwa mmoja, chupa hazijafunguliwa.

"Sista, huyu mimi siwezi."

"Huwezi kwa nini? Anakutukana?"

"Ni maro wangu, mama ya bibi yangu. Nikifika anajificha nyuma ya nyumba, na mimi narudi. Nitamfunua paja namna gani, Sista? Hiyo italeta chira, laana ya kuvunja mwiko."

Wajaluo wenzangu wataelewa. Mkwe haingii hata chumbani kwa mama mkwe wake, sembuse kumshika mwili. Nilimfokea, mbona hakusema mapema? Akajibu kwamba hata kumtaja mbele yangu aliona haya. Hasira ikaniisha, ikabaki hofu. Mama yule alikuwa ameanza kupata nafuu mikononi mwangu, na sasa anatema damu tena.

Kumlaza hospitali haiwezekani. Amefiwa na mume hivi karibuni, na mila hazimruhusu kulala nje ya boma kabla taratibu za msiba hazijakwisha. Niliomba Ouma abadilishane njia na mwenzake wa Ntimaru, kule upande wa Migori, nikaambiwa uhamisho ni lazima upite mkoani, na mkoani kimya. Nikamwendea daktari mkuu, nikamsihi aniruhusu niende mwenyewe na baiskeli yangu.

"Kazi yako sasa ni kupanga, si kudunga," akasema. "Ukienda huko, usirudi kwenye kiti hiki."

Nimelia mpaka nimechoka. Huo usimamizi gani, wa kumsimamia mtu akifa? Lakini nikifukuzwa, watoto wangu watalala wapi? Sina mume wa kukimbilia, na kwa wakwe nilishafukuzwa zamani.

Jumamosi bibi yake Ouma alinijia. Nilijua amekuja kunilaumu, nikaanza kujitetea kabla hajakaa. Akanikatiza polepole.

"Sista, mama hana neno na wewe. Anauliza tu, baiskeli yako ilishatengenezwa?"

Kumbe hakuna aliyemwambia kwamba nimehama. Anadhani nimekwama njiani, na bado ananingoja.

Ndugu zangu, wazazi wangu mnaosoma hapa, binti yule atarudi kuchukua jibu. Nipeni la kumwambia mama yake.