Bastola ya Mke Aliyenitangulia

Nilipoolewa Mbinga nilikuta vitu vya marehemu vimeshaondolewa. Nguo ziligawiwa ndugu, vyombo vilirudishwa kwao Liuli, kando ya ziwa. Kilichobaki ni bastola. Ilikuwa kuukuu, ya kijeshi, silinda yake imeganda kwa kutu, na haikuweza tena kupiga hata ndege. Baba wa marehemu hakuwa na mtoto wa kiume, akamkabidhi mkwewe, ambaye sasa ni mume wangu.

Kila Jumapili tukitoka misa, mume wangu aliifuta kwa kitambaa na mafuta ya cherehani, na akiifuta ni lazima asimulie. Babu wa marehemu alikuwa mpagazi katika vita vya Mjerumani. Alimvizia afisa wa Kijerumani ufukweni, akamnyang'anya bastola, akaogelea ameing'ata kwa meno mpaka kwenye majabali.

"Ungemsikia marehemu mwenyewe akisimulia," aliniambia, "nywele zingekusimama."

Mimi sikuwa na cha kusimulia. Babu yangu alilima kahawa, akafa.

Mke mwenza aliye hai mtagombana, na wazee watawasuluhisha. Wivu juu ya marehemu utaupeleka kwa nani? Yeye hazeeki, hanuni, wala haunguzi maharage.

Ndipo serikali ilipotangaza kwamba wanaomiliki silaha bila kibali wazisalimishe, na hawatashtakiwa. Mume wangu alikubali, ila alitaka kwanza historia yake ijulikane, labda ipokelewe makumbusho.

"Wewe ndiye mwenye kompyuta," alisema, kwa kuwa nina duka la steshenari mjini. "Nitafutie."

Nilikubali upesi, naye akadhani ni upendo. Nilichotaka ni kuikuta hadithi ile na kasoro.

Nilisugua chuma kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa. Chini ya kutu ikatokea alama ya taji, kisha namba, kisha mshale mfupi kama unyayo wa kuku. Nilipozidi kusugua ukatokea mshale wa pili, umeelekeana na wa kwanza, ncha kwa ncha. Nikapiga picha, nikamtumia mtaalamu mmoja wa mambo ya kale aliyeko Dar es Salaam. Alinipigia simu duka likiwa limejaa wanafunzi wanaotaka fotokopi.

"Si ya Kijerumani hiyo, dada," alisema. "Mshale mmoja ni alama ya mali ya jeshi la Mwingereza."

"Haiwezekani Mjerumani aliiteka kwa Mwingereza, naye akanyang'anywa?"

"Ingewezekana, kama si huo mshale wa pili. Ikigongwa miwili namna hiyo, maana yake jeshi lenyewe limeiuza. Ilitoka kihalali."

Siku hiyo nilifunga duka nikiimba.

Hata hivyo nilitaka uhakika. Nikateremka hadi Mbamba Bay, nikachukua pikipiki mpaka Liuli kwa mama wa marehemu. Nilimkuta akianika usipa, wale dagaa wa ziwani, juu ya kichanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani."

Neno hilo la mwanangu lilinichoma, maana alilisema kwa moyo. Nikamuuliza habari za bastola. Akacheka, mikono ikimeremeta magamba.

"Baba mkwe wangu aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa anafunga shamba. Alitaka kuwatisha nguruwe waliokuwa wanatumalizia muhogo."

"Na marehemu alijua?"

"Asijue kwa nini? Ile ya kuogelea aliitunga yeye, mumeo alipoanza kuja kuposa. Aliniambia, mama, huyu kijana wa milimani anapenda habari za vita, ngoja nimpe vita."

Nilipanda kurudi Mbinga nikijipanga maneno njia nzima. Jioni nilimkalisha mume wangu, nikamweleza yote: mishale, Mzungu, na hao nguruwe. Nikamalizia kwamba marehemu alimdanganya tangu siku ya kwanza.

Uso wake ukafunguka namna ambayo sikuwahi kuiona tangu anioe.

"Aliniweza," alisema. "Miaka yote ile, yule mwanamke aliniweza."

Akatoka barazani, nikamsikia akicheka peke yake, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko. Nilikuwa nimekwenda hadi ziwani kumletea ushahidi, kumbe nimemletea barua ya mapenzi. Sasa marehemu alikuwa msichana aliyemtamani mpaka akamtungia vita. Mimi sikuwahi kumtungia chochote.

Wiki iliyofuata tuliipeleka kituo cha polisi. Afisa aliyeipokea aliuliza ilikotoka. Mume wangu akaeleza yote mawili, ya majabali na ya nguruwe, taratibu, kwa ufundi, mpaka askari wengine wakasogea kusikiliza. Nilikuwa kwenye benchi karibu na mlango. Kila aliposema "mke wangu", askari mmoja alinigeukia akitabasamu, nami nikatazama nje.