Fundi Fiti

Jirani yangu wa chumba cha kona ndiye aliyeanza kusema kwamba Fundi Fiti siku hizi analewa asubuhi. "Jana kanipita hivi hivi, salamu hakuna," aliniambia huku anaanua nguo. "Halafu akajigonga mlangoni kwake mwenyewe. Hiyo si pombe, shoga yangu?"

Nilicheka, maana mzee yule hata chai ya rangi aliiogopa, isije ikamkosesha usingizi.

Jina la Fiti alilipata kwa sababu neno lenyewe halikumbanduka mdomoni. Nguo ikimkaa mtu vizuri, fiti. Cherehani ikishatiwa mafuta, iko fiti. Ukimwambia nguo unaitaka Ijumaa, "Fiti, mama," na Ijumaa unaikuta imepigwa pasi. Ukimjulia hali, yupo fiti, hata juma lile alilomzika mkewe. Binti yake anayeishi mbali alimpigia kila Jumapili, na sisi wa uani tulisikia jibu moja tu.

Nilimpelekea kitambaa cha bluu iliyokoza amshonee mwanangu sketi ya shule. Nilipomvisha pale kibarazani, mshono ulikuwa umenyooka kama kawaida yake, ila mbele bluu, nyuma nyeusi. Alikuwa amechanganya na kitambaa cha suruali ya mtu.

"Inamkaaje?" akauliza, anatazama ukuta.

"Mama, huku nyuma nyeusi," mtoto akasema kabla sijamziba mdomo.

Nikamvua. Mzee akaisogeza sketi hadi puani, akatoka nayo juani, akaipapasa mbele na nyuma. Vidole vyake vilijaa vitundu vya sindano, vingine vibichi. Ndipo nikaelewa kwa nini hasalimii watu.

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu mvua zile. Jicho la kushoto lilitangulia. Nikasema si bado lipo moja." Akaikunja sketi taratibu, kona kwa kona. "Miaka arobaini, mwanangu. Mguu unaijua kazi, mkono unaijua."

Nikamwambia mtoto ataivalia nyumbani, haina neno.

"Usinibembeleze. Kesho nitamharibia mwingine."

Akatoa simu mfukoni mwa shati, akanishikisha.

"Mpigie binti yangu. Mimi nikiongea naye nitasema nipo fiti tu, najijua. Wewe mweleze ya macho, mwambie aje anichukue. Mimi nitakaa hapa hapa nisikie, nisije nikakana baadaye."