Kuli Aliyepiga Goti na Lumbesa

Shule mimi niliiona kwa nje, nikichunga mbuzi. Kwa hiyo nasimulia kama nilivyoona, na nikiongeza chumvi mnisamehe.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye lori akawa tajiri. Mmoja alikuja kwetu Gulwe, akanunua mahindi kuliko lori lake lingebeba, akasubiri behewa la treni. Behewa halikuja, ila mvua za kwanza zikaanza kunukia. Akamwomba mwenyekiti wa kigango kanisa letu liwe ghala, Jumatatu mpaka Jumamosi, naye angetupa bati jipya. Mwenyekiti akakubali kabla mtu hajamaliza kupiga chafya.

Mimi ndiye niliyekuwa nafagia kanisa na kuwasha taa nyekundu. Padri alikuja mara moja kwa mwezi, akituachia Ekaristi kwenye tabernakulo, kile kisanduku cha ukutani. Taa ikiwaka, Mwenyewe yumo. Si picha yake, si kumbukumbu yake. Yeye. Siku makuli walipoleta magunia, nikasimama mlangoni na ufagio.

"Mama, toka hapo," mwenyekiti akasema. "Mungu yupo kila mahali."

"Hata maji yapo kila mahali chini ya ardhi. Mbona mkeo anaamka alfajiri kwenda kisimani?"

Makuli wakacheka. Tajiri akauliza, "Huyu mama kawekwa na nani hapa?"

"Aliyemo ndani. Muulize."

"Bati hulitaki?"

"Alizaliwa zizini, lakini hata zizini hawakumlundikia magunia!"

Mwenyekiti akaninyang'anya ufagio. Kuli wa kwanza akapita, shingo nene kuliko kiuno changu, mgongoni lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likafungwa kilemba. Huyo alikuwa mtoto wa katekista wa Kibakwe, goti lake limefundishwa tangu ananyonya. Akaiona taa. Goti halikumuuliza, likashuka lenyewe. Puu! Kishindo kilifika Kibakwe, na mbuzi wangu mmoja akazaa kabla ya siku zake. Kuli akabaki amepiga goti na gunia juu, hapandi wala hashuki.

"Inuka!" tajiri akafoka.

"Siwezi, bosi."

"Basi tua mzigo!"

"Hapa mbele yake? Hilo nalo siwezi."

Wenzake wanne wakamwinua. Akatoka kinyumenyume na gunia lake, akalitua nje, anatweta kama treni ya mizigo. "Humo sirudi na gunia," akasema. "Nisipopiga goti namtukana Mungu. Nikipiga goti nakufa."

Wenzake wakatua yao pale pale. Mmoja wao, Mwislamu, akasema, "Nyumba ya ibada ni nyumba ya ibada, bosi. Tafuta ghala."

Mahindi yakalala nje chini ya turubai. Bati hatukupata. Masika ile kanisa lilivuja kama chekecheke, na mimi nikaifungulia taa mwavuli wa mtumba, ikawaka mpaka mvua ilipokata. Mwenyekiti kila tukikutana alinichokoza, "Mama, bati letu je?"

"Ingia ndani ukamuulize Mwenyewe," nilimjibu. "Ila piga goti kwanza."