Mashine Iliyokataa Jina la Marehemu

Mwaka wa sabini na tatu, mjini Morogoro, Filomena alikuwa na kazi ambayo kwao Mgeta hakuna aliyeielewa: kutoboa kadi. Alikaa kwenye mashine mfano wa taipureta, akatoboa matundu kwenye kadi za karatasi ngumu, kisha kompyuta ya shirika ikazisoma na kutoa hesabu za mkonge. Chumba chake kilikuwa na kiyoyozi, yeye akivaa sweta, na sisi wa masjala tulimwonea wivu bila kuficha.

Kompyuta hiyo iliitwa Mia Tano; ndivyo watengenezaji walivyoiandika kifuani. Siku moja jarida la mitambo likafika ofisini likisema Mia Tano hazitengenezwi tena, sasa kuna K-20. K-20 yetu ilikuwa imekwisha agizwa. Mhasibu Thobias, mtu asiyeweza kupitisha habari bila kuitia chumvi, akatangaza kwamba hizo mpya hazitaki kadi kabisa.

Filomena hakuuliza mtu. Hapo mila ya kwao milimani Uluguru ndiyo iliyomponza. Kwao mzee akifa, mrithi hupokea jina lake, na akishapokea jina amepokea na watu wake wote. Sasa hii K-20 ilikuwa imelikataa jina la marehemu! Kwa hesabu yake, watu wa Mia Tano hawakurithiwa, na mtu mwenyewe ni yeye. Akaanza kugawa vyombo. Ndoo nilipewa mimi. Nzuri, ya bati.

Kisha akampelekea mjomba wake Anselmi salamu kwa lori la kabichi: nikatieni kipande cha shamba la ukoo, narudi. Alilia alipozituma. Hakuwa na mume wala mtoto. Kazi ile ndiyo ilikuwa maisha yake, na jembe la kwenye miteremko ya Mgeta alilichukia tangu utotoni.

Mashine ikaja kwa treni, na fundi Yunusi kutoka Dar akaifunga. Asubuhi ya kuijaribu, mzee Anselmi naye alikuwa amefika, ameketi nje getini na fimbo yake. Filomena alisimama ukutani akingoja kuambiwa aende.

“Dada, lete kadi,” Yunusi akasema.

“Kadi za nini, ndugu yangu? Si hii haizitaki?”

“Nani kakwambia? Hii ni Mia Tano ileile, wameiongezea mwendo tu. Jina wamebadili wapate kuuza. Huo ndio mtindo wao. Tena itakula kadi kuliko ile, jiandae.”

Kadi zikaingia, mashine ikazisoma kwa kelele. Filomena akaketi sakafuni akacheka huku analia. Thobias akakumbuka ana kazi kwingine.

Filomena akakimbia getini. “Shikamoo mjomba! Sirudi tena, kazi ipo!”

“Marahaba.” Mzee akashusha pumzi ndefu. “Mungu mkubwa.”

“Hujakasirika? Umekuja mbali kunichukua.”

“Nikuchukue nikupeleke wapi, mpwa wangu? Shamba halipo. Kipande cha mwisho nilimpa mdogo wako Modesta alipoolewa. Nimeteremka mlima mzima nawaza nitakwambiaje.”

Filomena akashika nguzo ya geti. Kumbe kama angefukuzwa asubuhi ile, asingekuwa na pa kwenda.