Jina la Kutishia Wezi

Mama Vifungo hakuzaliwa mwoga. Woga ulimwingia siku aliporudi kutoka kununua nyuzi akakuta dirisha limeng'olewa na cherehani ndogo haipo. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumbani walibaki wawili tu, yeye na binti yake. Tangu hapo kila kilichogusa bati kilikuwa mwizi, hata kunguru. Usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu.

Kaka yake akamletea mbwa. Mbwa mwenyewe sasa! Masikio makubwa kuliko kichwa, na akimwona kuku anakimbilia uvunguni.

"Tumpe jina zito," binti akasema. "Kamanda. Kama yule wa kwenye filamu, aliyemaliza maadui wote na kofia haikumdondoka."

Mama akalipima jina hilo, akaona halijatosha. Alitaka apitaye nje adhani ndani mna dume la mtu.

"Tumwongezee jina la ukoo wa baba yako."

Binti akaliweka chini shati alilokuwa akilitia vifungo. "Mbwa aitwe jina la baba? Na mtaa mzima unajua baba hayupo!"

"Kwani mlango namfungia jirani? Mwizi hutoka mbali, mwanangu. Atajuaje nani yupo na nani hayupo?"

Wakacheka, ingawa kicheko cha mama kiliishia midomoni. Basi kila jioni akasimama uani, akaita Kamanda, akamalizia na lile jina la ukoo, sauti nzito, mtaa mzima usikie. Moyo ukaanza kutulia.

Jumamosi moja binti alikwenda kupeleka sare za shule kwa mteja. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mama alikuwa akipinda mikono ya shati aliposikia komeo la mlango wa uani likitikiswa taratibu, na mtu asiye na haraka. Mkasi ukamponyoka. Kamanda alikuwa uvunguni, akitetemeka kuliko yeye.

Akajikaza kisabuni, akaita majina yote mawili kama mke amwamshaye mume. "Amka! Kuna mtu mlangoni!"

Komeo likatulia. Kisha sauti ya kiume, ya upole kabisa, ikapenya kwenye ufa wa mlango.

"Mama Vifungo, mwenye jina hilo si tulimzika?"

Hapo akapiga ukunga. "Mwizi! Mwizi!" Nyayo zikatimka kwenye tope, na haukupita muda uani pakajaa watu. Akachungulia dirishani, kando ya mlango: kinyozi, muuza mkaa, mwenye nyumba, shemeji yake. Wote wameshika fimbo, wote wamelowa, wote wana matope hadi magotini.

"Fungua, mama," wakamwambia. "Usiogope, ni sisi."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye komeo. Akawatazama tena, mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja wao ambaye hakubeba jeneza la mumewe.

Akaurudisha mkono.